Abaqus: mzigo wa tairi kwenye modeli ya lami, jibu linatoka karibu mara mbili ya KENPAVE

mwana_kokoto

Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa. Naomba msaada maana nimekwama wiki ya pili sasa na supavaiza ananitaka Jumatatu nikiwa na kitu cha kueleweka. Nafanya masters hapa Dar, kazi yangu ni modeli ya barabara ya lami kwenye Abaqus (programu ya kuigiza mikazo kwa kompyuta), nataka nipate kubonyea kwa uso wa lami na straini (kiasi lami inavyovutika) chini ya lami pale tairi linapokanyaga. Tabaka zangu ni lami mm 50, chini yake kokoto zilizoshindiliwa mm 150, halafu moramu iliyochanganywa na saruji mm 200, kisha udongo wa chini nimeupa E (kipimo cha ugumu) ya 100 MPa. Kila kitu ni elastiki ya kawaida, sijaingiza mambo mengi.

Mzigo nimechukua ekseli ya kawaida ya manuali yetu ya kusanifu barabara ya 1999, kilo 8160, yani 80 kN, tairi nne, kila tairi 20 kN. Presha nikachukua 0.7 MPa. 20,000 gawanya kwa 0.7 napata mm² 28,571. Nikatumia ile fomula ya vitabuni ya kugeuza unyayo wa tairi kuwa mstatili (upana 0.6 ya urefu, zile ncha za duara zinanyooshwa), nikapata mstatili wa mm 204 kwa 140. Laptopu yangu ina ram ya GB 8 tu ikibeba modeli nzima inaganda mpaka feni inalia kama jenereta, kwaiyo nikakata modeli nikabaki na robo kwa kutumia simetri, kata moja inapita kati ya tairi mbili na nyingine inapita katikati ya tairi lenyewe, ikikatisha mwendo wa gari. Kina cha modeli ni mita 3, chini nimefunga kabisa, pembeni nimeweka rola.

Tatizo: KENPAVE (programu ya hesabu za tabaka za barabara) kwa tabaka hizohizo inanipa kubonyea 0.42 mm chini ya tairi, Abaqus inanipa 0.72. Nimebadilisha meshi (modeli inavyogawanywa vipande vidogo, yani elementi) mara nne, nimebadilisha E, nimefuta nikaanza upya, umeme nao umekatika katikati ya kazi mara mbili, bado ni 0.72 tu. Nakosea wapi wakuu?

Mzee wa Mzani

Marahaba kijana. Kabla hatujaenda mbali acha kwanza kugusa meshi, meshi hailetei mtu kosa kubwa namna hiyo kwenye kubonyea. Nijibu vitu viwili tu. Moja, mzigo umeuingizaje, umeandika presha mwenyewe au umeweka nguvu? Mbili, jumlisha riaksheni (nguvu zinazojibu mzigo) zote za wima kule chini ulikofunga, uniambie zinafika ngapi.

mwana_kokoto

Mzee nashukuru kwa kujibu haraka. Nimeweka presha kwenye ule uso wa tairi ila nikachagua ile ya "Total Force" maana niliona ni rahisi, nikaandika 20000, programu yenyewe inagawanya kwa eneo. Riaksheni ndo nimejumlisha sasa hivi, zimetoka 20,000 kamili kwaiyo nadhani hapo niko sawa si ndio?

Mzee wa Mzani

Hapana, hapo ndipo ulipokosea, tena vizuri kabisa.

Umesema kata ya pili inapita katikati ya tairi. Kwaiyo ndani ya modeli yako hakuna tairi zima, kuna nusu tairi. Mstatili wako wa 204 umebaki 102 kwa 140, eneo ni mm² 14,280. Ukimwambia programu aweke 20,000 N kwenye eneo hilo yeye hajui kama umekata tairi, anagawanya tu, 20,000 kwa 14,280 ni 1.4 MPa. Lori lako linatembea na presha mara mbili ya uliyodhani. Riaksheni zilitakiwa ziwe 10,000.

Ndo maana mimi vijana wanaokuja ofisini nawakataza hilo chaguo la nguvu nzima mpaka wazoee. Andika presha, 0.7, basi. Presha haijali umekata robo au nusu au umeacha nzima, inabaki 0.7. Nguvu ndiyo inayobadilika ukikata. Halafu riaksheni unazitumia kama mzani: lori limepita, mzani umesoma ngapi, inalingana na karatasi? Kama hailingani husogei mbele hata hatua moja.

Vipimo pia angalia, mtu anachora kwa milimita anaandika E kwa kPa halafu anashangaa barabara haibonyei hata kidogo. Ukitumia mm na N basi kila kitu MPa.

mwana_kokoto

Daaah. Wiki mbili zote hizi nahangaika na meshi. Asante sana mzee, narekebisha sasa hivi.

Imetoka 0.36. Sasa imekua pungufu kuliko 0.42, hii nayo vipi? Nusu ya 0.72 kabisa, kwaiyo kosa la mzigo limeisha, ila bado hatujafanana.

dada_zege

Kaka pole na hongera kwa pamoja. Hiyo iliyobaki haitoki kwenye mzigo, inatoka kwenye sakafu yako. KENPAVE inachukulia udongo unaenda chini bila mwisho, wewe umeweka mwamba kwenye mita 3. Udongo ulio chini ya hapo nao ulitakiwa ubonyee kidogo, wewe umeukatalia. Fanya hesabu ya haraka ya Boussinesq (fomula ya mzigo juu ya udongo usio na mwisho), 40 kN ya tairi zote mbili ichukulie kama nukta moja juu ya udongo wa E 100 na Poisson (kiasi kitu kinavyotanuka pembeni kikibanwa) 0.35, kwenye kina cha mita 3 kushuka kwa wima bado ni kama 0.066 mm. Ndo hiyohiyo 0.06 unayoitafuta. Shusha sakafu mpaka mita 6 au weka zile elementi za infiniti chini, ila huko chini usiweke meshi ndogo utaua laptopu, acha elementi ziwe kubwa kadri unavyoshuka.

Na kabla hujamwonyesha mtu straini zako, jaribu modeli ya kijinga kwanza: tabaka zote zipe E moja, 100, Poisson 0.35, mzigo wa duara la nusu kipenyo 95.4 mm (ndo eneo lako lilelile la 28,571) na 0.7 MPa, tairi moja tu. Jibu la karatasi katikati ni 1.17 mm na ukingoni mwa duara ni kama 0.75. Na mkazo wa wima chini ya katikati, ukishuka kina sawa na nusu kipenyo unatakiwa usome asilimia 65 hivi ya presha ya juu, ukishuka mara mbili yake ni asilimia 28. Modeli ikishindwa huu mtihani wa chekechea hiyo ya tabaka nne itakudanganya tu na hutajua. Wengi wanaruka hii hatua wanasema inapoteza muda, wakati ni nusu saa.

Swali dogo, lami yako ya mm 50 umeipa elementi ngapi kwa kina na ni za aina gani?

mwana_kokoto

Mbili dada, C3D8R (zile za nodi nane, moja kila kona).

dada_zege

Ndo nilichohofia. C3D8R inasoma straini katikati ya elementi, ina sehemu moja tu ya kusomea. Ukiwa na elementi mbili za mm 25 kila moja, straini unayoiita ya chini ya lami inasomwa mm 12.5 juu ya chini, wakati chini kabisa ndo lami inapovutika zaidi, kwaiyo unaripoti barabara itaishi miaka mingi kuliko ukweli. Kubonyea kunaweza kuwa sahihi kabisa na straini ikawa mbovu, vitu viwili tofauti hivyo. Weka C3D20R (zile za nodi ishirini) chini ya tairi au gawanya lami mara tano sita.

Ila ukihamia C3D20R endelea kutumia presha, usijaribu kugawa nguvu kwenye nodi kwa mkono. Nilifanya hivyo zamani nikiwa najifunza, nikagawa sawasawa kwenye nodi zote nane za uso, nikapata uso wa lami wenye matuta matuta kama mkeka uliokunjika. Baadaye ndo nikaja kujua kwamba kwenye uso wa nodi nane presha iliyo sawa inageuka kuwa theluthi moja kwa kila nodi ya katikati ya ukingo, na zile za kwenye kona zinapata moja ya kumi na mbili ILIYO HASI, yani zinavutwa kwenda juu. Akili ya kawaida haiwezi kukubali hiyo, mwachie programu.

Kipara wa Tabata

Samahani wataalamu nauliza kama raia tu, hizi hesabu zenu za sifuri pointi mbona barabara ya mtaani kwetu ilioga mvua moja ya masika ikabaki mifupa

Mzee wa Mzani

Hahaha ndugu yangu, hiyo haikuuawa na tairi, hiyo iliuliwa na maji. Mtaro uliziba. Hakuna mzigo wa tairi utakaoingiza kwenye kompyuta ukaona hilo, labda uushushe ule E wa udongo kama umelowa, na kijana hebu lifanye hilo pia, endesha modeli mara ya pili na udongo ukiwa E 40 uone straini inavyoruka.

fundi_nyayo

Nimechelewa ila hapa mmeacha jambo moja naona linaniwasha. Ule mstatili wa 204 kwa 140. Wadau, ni nani kati yenu ameona tairi la lori lenye upana wa sentimita 14? Hilo ni la Hiace.

Mimi niliwahi kupima. Kuna gereji moja Vingunguti wanatengeneza tela, nikaongea na fundi pancha mmoja nikamtoa soda, tukapiga jeki ekseli ya nyuma ya tela lililokuwa limebeba, tukapaka tairi rangi ya mafuta, tukatandika katoni, tukashusha jeki taratibu, tukainua tena. Unyayo ulioachwa ulikuwa upana sentimita 22, urefu 19 hivi, tena pembe zake si duara, ni karibu mstatili kabisa na mistari ya mifereji ya tairi inapita kwa urefu. Na kilichonishangaza, rangi ilikolea pembeni kuliko katikati. Fundi pancha hakushangaa hata kidogo, akasema hilo tairi lina upepo mdogo kwa mzigo huo, linasimama kwa mabega.

Na ndivyo ilivyo. CSIR ya Afrika Kusini walitengeneza mtambo wa kupima mkazo chini ya tairi linalotembea, Stress-In-Motion wanauita, na wakaonyesha hilohilo: mzigo ukiwa mkubwa kwa upepo uliopo, mkazo unakimbilia kwenye kingo za tairi na unaweza kuzidi sana presha ya upepo, mzigo ukiwa mdogo mkazo unakaa katikati. Ile presha moja iliyolala sawa kama chapati ni makubaliano tu ya watu wa hesabu.

Kwaiyo ushauri wangu: upana wa unyayo unaamuliwa na tairi, haubadiliki sana. Mzigo ukiongezeka unyayo unarefuka, hautanuki. Chukua upana mm 200, kisha 28,571 gawanya kwa 200 ni 143. Sasa una mstatili wa 200 kwa 143, umelala kwa upana, kinyume kabisa na wa kwako. Kwenye udongo wa chini hutaona tofauti ya maana. Kwenye lami ya mm 50 utaiona, hasa straini ya mwelekeo wa mwendo na ile ya kukata (shear) ubavuni mwa tairi.

Na hiyo 0.7 umeitoa wapi? 0.7 MPa ni kama psi 101. Nenda kasimame pale wanapojaza upepo malori ya kwenda Tunduma uulize wanajaza ngapi, utasikia 110, 120, na tairi likichemka njiani linapanda zaidi. 120 ni 0.83 MPa. Upepo huo wengine hawapimi hata kwa geji, tandiboi anapita na kipande cha nondo anagonga kila tairi anasikiliza mlio.

Mzee wa Mzani

Fundi umenena. Nami niongezee upande wa uzito maana ndo kazi niliyoifanya miaka mingi. 80 kN ni ekseli ya kuhesabia, siyo ekseli iliyopo barabarani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, iliyoanza kutumika kwetu 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya tairi nne. Hapo kila tairi ni 24.5 kN. Kwa kipeo cha 4.5 cha manuali yetu (uwiano wa mizigo unapandishwa kwa kipeo hicho) hiyo ekseli halali kabisa inaharibu mara 2.5 ya ile ya 8160.

Sasa angalia ya mbele. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8 kwa tairi mbili tu. Yani tairi la mbele linabeba tani 4 na la nyuma tani 2.5. Watu wote wanamodeli ya nyuma kwa sababu vitabu vimechora ya nyuma, na mimi nikimwona kijana amemodeli na ya mbele namheshimu.

Sheria ya kukumbuka kichwani ukiwa unaamua ubadilishe nini: huko chini kwenye udongo wanasikia mzigo, huku juu kwenye lami wanasikia upepo. Ukiongeza psi bila kuongeza tani, udongo haujui kitu ila lami inaumia. Ukiongeza tani upepo uleule, unyayo unarefuka, lami inaona kidogo, udongo unaona yote.

mwana_kokoto

Wakuu hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali la mwisho, supavaiza aliwahi kutaja mzigo unaotembea, kwamba lori linapita na siyo limesimama. Je natakiwa niandike ile sabrutini ya DLOAD (kijiprogramu cha kusogeza mzigo) kwa Fortran? Maana Fortran sijawahi kuigusa na hata kuiweka kwenye laptopu imenishinda.

dada_zege

Kaka kwa elastiki ya kawaida usijitese. Elastiki haijui muda, lori lipite kwa kasi au lilale hapo mpaka asubuhi jibu ni lilelile (kama hujaweka uzito wa tabaka na dainamiki). Muda unaanza kuwa na maana ukiipa lami tabia yake ya kweli ya kunata, ile ya namba za Prony zinazoonyesha lami inavyolegea kadri muda unavyopita.

Ukifika huko angalia tofauti ilivyo: lori linalotembea 60 kwa saa, unyayo wa sentimita 20 unapita juu ya nukta moja kwa sekunde 0.012. Lori hilohilo likisimama kwenye mataa dakika mbili ni sekunde 120. Mara elfu kumi. Na hiyo ni saa saba mchana jua la Dar limeikaanga lami mpaka kiatu kinanata. Ndo maana ukiangalia karibu na mataa, pale magari makubwa yanaposimama, lami imejikunja imetoa mabonde mawili na kigongo katikati, ukienda mita mia mbele ambako hawasimami barabara iko sawa tu, lami ileile, mkandarasi yuleyule. Na njia za mwendokasi si zimejengwa kwa zege, mabasi yanasimama mahali palepale kila baada ya dakika chache, ungeweka lami pale vituoni ungeiona.

Ukitaka mzigo utembee bila Fortran, kata njia ya tairi vipande vipande, kila kipande na presha yake na jedwali lake la muda, kimoja kinawaka kingine kinazima. Inachosha kuandaa ila inafanya kazi. Na ukiweka breki, ongeza nguvu ya mlalo juu ya unyayo uleule. Mzigo ukitembea tu, au ukiweka hiyo breki, simetri yako ya kukata tairi katikati INAKUFA, mbele na nyuma havifanani tena. Usisahau hilo ukaacha robo.

mwana_kokoto

Mrejesho wadau. Mtihani wa chekechea nimepata 1.15 badala ya 1.17. Sakafu nimeishusha mita 6, presha 0.7 kwa mkono, riaksheni 10,000, kubonyea 0.39. Supavaiza kaangalia kasema sawa, halafu akauliza huu unyayo wa 200 kwa 143 umeutoa wapi, nikamwambia Vingunguti, akacheka akasema basi nenda kaupime mwenyewe uweke picha kwenye tisisi.

Kesho naenda. Fundi_nyayo rangi ya mafuta rangi gani ilitoka vizuri?

fundi_nyayo

Tumia nyeupe au bluu. Katoni la friji au la tivii, la sabuni linachanika tani zikishuka. Na ubebe geji yako ya upepo kabisa maana ukiuliza pale utaambiwa "iko poa" basi. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni.

Kipara wa Tabata

na soda mbili, bei imepanda